Taulo la Kunyolea

Elia mwanangu,

Ukiisoma hii utakuwa unakagua buti zako usiku huu, umeingiza mkono kwenye la kushoto ukakuta karatasi. Usishtuke, safari hii sijaweka unga. Siku ile nilipozificha buti zako ndani ya debe la sembe nilijiona nimefanya jambo la akili sana. Kumbe ulizikuta siku hiyo hiyo, ukatoka nazo jikoni zimekuwa nyeupe kama viatu vya bwana harusi, ukaniambia, "Yeyo, hata ukizipika nitazivaa." Nikacheka na wewe. Halafu nikaenda kulia chooni, maana nyumba ya vyumba viwili haina mahali pengine pa kulilia.

Sasa ni jioni, jua bado halijazama. Umekwenda Moshono kuwaaga rafiki zako, pamoja na huyo ambaye hutaki nimjue jina. Umesema utarudi kabla ya chakula. Kwa hiyo naandika haraka haraka, maharage yako jikoni, na kama karatasi itanuka moshi utajua kwa nini.

Sikuandikii mambo ya soksi, wala chandarua, wala basi linasimama wapi kabla ya kufika Kigoma. Hayo nimekuambia mpaka umechoka. Wala siandiki ili usiende. Nimeshajaribu. Nilikwenda kwa babu yako Oldonyo Sambu, akanisikiliza mpaka mwisho huku anachonga mpini wa jembe, akasema, "Naserian, mimi nimelinda ng'ombe, vita vya bunduki sivijui. Na huyo ni mwanaume mzima. Nimfunge kamba?" Nilikwenda kwa mchungaji, akaniombea vizuri, akaniombea mimi badala ya wewe. Nikamwendea mwenyekiti wa mtaa, akaniuliza una miaka mingapi, nikamwambia kumi na tisa, akanyanyua mabega. Ndipo nikabaki na debe la sembe. Unaona jinsi mama yako alivyo na silaha.

Ninaandika kwa sababu ya lile neno ulilosema Jumapili.

Tulikuwa tunamenya ndizi, nikakuuliza kwa nini uende kufa kwenye nchi ambayo hujawahi kulala hata usiku mmoja. Ukasema, "Wewe Yeyo unajua nini habari za vita? Vita vyako ni vya mgambo wa sokoni na beseni la parachichi." Hilo halikuniuma, ni kweli kabisa, na umeona ninavyokimbia na lile beseni. Lakini ukaongeza, taratibu, bila kuniangalia, "Baba hakunipenda. Hata kichwa changu alikuwa anakishika kwa taulo. Nikienda kule, nikasimama pale aliposimama yeye, labda nitakuwa mtoto wake."

Nikaendelea kumenya ndizi. Ulidhani nimekasirika. Nilinyamaza kwa sababu jibu ninalo, ninalo tangu ukiwa na miaka sita, na niliahidi nisilitoe. Leo nalitoa. Baba yako atanisamehe, au tutagombana tukikutana.

Baba mdogo wako Sadiki amekuambia nusu ya habari. Nilikuwa namsikia kwenye simu, wewe unaiweka sauti kubwa makusudi ili nisikie. Kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vimerudi kule kwao Kongo, milimani juu ya ziwa. Kwamba nyumba ya bibi yako imechomwa tena. Kwamba vijana wa vijiji wamejikusanya kuwa mgambo wa kulinda vijiji vyao, kila mlango unatoa kijana mmoja, na mlango wa marehemu kaka yake hauna mtu. Halafu akakuambia lile lililokufanya usimame wima kama umeitwa jina na mwalimu: "Wewe ni damu ya mtu wa maji. Baba yako akiwa mtoto alikilinda kijiji kizima. Risasi zilikuwa zinageuka maji. Vijana wakikuona watapata moyo."

Ukakata simu ukaniuliza, "Yeyo, mtu wa maji ndiyo nini?" Nikakujibu, "Muulize baba yako mdogo." Pale ndipo nilipokosea. Ningekujibu mwenyewe siku ile ile, usingekuwa umeshakata tiketi.

Sasa sikiliza.

Ulipokuwa na miaka sita uliugua matubwitubwi. Uso ulivimba mpaka macho yakawa mistari miwili, ukawa unalia, "Baba anishike, Baba anishike." Mimi nilikuwa sijapumzika siku kadhaa. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli lake la kuchomelea, hajaingia wala hajatoka. Nikakubeba nikakupeleka mpaka kifuani kwake, nikasema, "Baba Elia, mtoto anakuomba kitu kimoja. Mwekee mkono kichwani basi." Akaficha mikono nyuma. Mtu mzima, fundi anayenyanyua geti la chuma peke yake, ameficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Halafu akatoka.

Nilikulaza, nikamfuata nje nimejaa matusi. Nilimkuta kwenye migomba ya jirani, amechuchumaa. Nikamwambia, "Kama humtaki mtoto sema, nimpeleke kwa baba yangu, kule kuna watu wenye mikono." Ndipo akaniambia.

Alikuwa na umri wa kumaliza darasa la saba, kama angekuwa anasoma. Wakati ule vita vya kwao vilikuwa vya kila mtu na mwenzake, watu wenye sare za huku na watu wenye sare za kule wanapita, na kila anayepita anachoma. Basi vijana wa kijiji wakaamua kujilinda. Jeshi siyo. Hakuna mshahara wala sare, mmoja ana bunduki, watatu wana mapanga, mwingine amevaa kaptula ya shule. Walikuwa na mzee wa dawa anayechanganya maji na majani. Mzee mwenyewe hayagusi maji akishayachanganya. Anayeyagusa ni mvulana, ambaye bado hajui mambo ya wanawake. Wakamchagua baba yako.

Kazi yake ilikuwa hii. Wakitaka kwenda kupigana, wanapiga magoti mstari. Yeye anapita na ndoo, anachota maji kwa kiganja, anaweka kiganja kichwani kwa mtu, anasema, "Maji." Yule anajibu, "Maji." Anakwenda kwa anayefuata. Basi. Waliamini kwamba risasi ikimfikia mtu yule itayeyuka. Na kulikuwa na miiko. Asipeane mkono na mtu. Asipokee chakula kutoka kwenye mkono wa mwanamke, chakula kiwekwe chini, yeye akiokote. Akivunja mwiko, maji yanakuwa maji tu.

Nilimuuliza, "Uliamini?" Akasema, "Mama Elia, walikuwa wanakwenda wanarudi. Wewe ungeamini nini?"

Siku moja bibi yako alikuja kambini. Huyo huyo bibi yako ambaye leo unasema unakwenda kumlinda. Alikuwa hajamwona mwanawe muda mrefu, ametoka shambani amefunga muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba. Baba yako alimwambia auweke chini. Yule mama akamwangalia, mtoto amebaki macho na magoti, akasema, "Mimi nimekuzaa halafu nikuwekee chakula chini kama mbwa?" Akamtia muhogo mkononi, akaufunga mkono wake kwa mikono yake miwili, akasema, "Kula, mwanangu." Akala. Alikuwa na njaa. Aliniambia hajawahi kula kitu kitamu kama kile mpaka leo, na hapo alikuwa analia.

Asubuhi yake wakapiga magoti mstari, na yeye akapita na ndoo. Angefanyaje? Angesema, "Ngojeni, nimekula muhogo wa mama"? Akaweka kiganja kichwa kimoja kimoja. Sura zao alikuwa haziangalii, alikuwa anaangalia ndoo. Kwa hiyo aliwajua kwa vichwa. Mmoja alikuwa na kovu la jembe. Mwingine ana mapunye. Mwingine ana upara na kichwa chake kilikuwa cha moto kama ana homa. Mchana wakaanza kuletwa, wamebebwa kwenye machela za miti. Baba yako alisimama pale anavitambua vichwa.

Mzee wa dawa akauliza nani amevunja mwiko. Hakuna aliyemuuliza mtoto. Watu wazima wakatazamana, wakasema ni mmoja wa wale waliokufa, kwamba alikwenda kulala kwake kwa mkewe. Marehemu hawezi kukataa. Wakaenda wakamfukuza yule mjane na watoto wake, akaondoka na sufuria kichwani. Alipopita karibu na baba yako akasimama. Alikuwa hajui lolote. Akamwambia, "Mtoto wa maji, niombee." 

Baba yako aliacha ndoo palepale. Akateremka mpaka ziwani, akavuka na watu waliokuwa wanakimbia, akafika Kigoma, na baada ya miaka akafika Arusha juu ya lori la mafuta ya mawese, akajifunza kuchomelea hapa Kwa Mrombo. Na tangu siku ile hakuweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtu yeyote.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimemaliza darasa la saba nikaishia hapo, lakini nilimwambia kwa akili yangu ndogo, "Baba Elia, risasi ni chuma. Wewe ni fundi chuma. Chuma kinaulizaje nani kala muhogo?" Akaniambia, "Hilo najua kichwani. Mkono haujui."

Basi huyo ndiye mtu wa maji.

Na sasa angalia alivyokuja kuoa. Angeoa kokote duniani, lakini alikuja kuoa kwetu Waarusha, ambako mtoto hampi mkubwa mkono, anampelekea kichwa. Kila Krismasi tukienda Oldonyo Sambu si mnajipanga pale uani, wewe na watoto wa wajomba, vichwa vimeinama kama mnatafuta shilingi chini, na babu anapita anaweka kiganja, huyu, huyu, huyu. Halafu mnamgeukia baba yako, naye ni mkwe, ni mtu mzima, anatakiwa afanye hivyo hivyo. Na yeye anaweka mkono kifuani anasema, "Marahaba, wanangu, marahaba." Wajomba zako walikuwa wanamsema. "Huyu Mkongo ana madaha, anaona vichwa vya watoto wetu vina chawa." Mjomba Lota alimwambia usoni, "Shemeji, ng'ombe za mahari ulitutolea kwa mkono huu huu?" wakati kila mtu anajua baba yako hakutoa ng'ombe za kutosha. Baba yako akacheka tu. Mimi nikawa namtetea, na katika kumtetea ndipo nikakudanganya wewe.

Nilikuambia mikono ya baba ina moto wa kuchomelea, itakuunguza. Uliamini. Mpaka darasa la tatu ulikuwa unawaambia wenzako baba yako ana umeme mikononi. Ulipokua ukaacha kuamini, na mahali pa uongo wangu hukuwa na kitu cha kuweka, ukaweka hilo la kwamba hakupendi. Sikulaumu. Niliacha tundu, wewe ukaliziba na ulichokuwa nacho.

Lakini sasa fikiria lile taulo upya.

Nani alikuwa anakunyoa? Vinyozi wamejaa mtaa huu, watoto wote wananyolewa kwa vinyozi. Baba yako alikwenda kununua mashine. Hajui kunyoa, mara ya kwanza alikutoa mistari kichwani kama shamba lililolimwa na mlevi, mwalimu akakurudisha nyumbani. Nikamwambia, "Jamani, mpeleke kwa kinyozi." Akakataa kabisa. Kila Jumamosi ya pili anakukalisha kwenye kigoda, anachukua lile taulo la kijani, anakuwekea kichwani upande mmoja, anakishika kichwa kwa juu ya taulo, upande wa pili ananyoa. Halafu anahamisha taulo. Kazi ya dakika kumi alikuwa anaifanya saa nzima. Wewe ulikuwa unalalamika, "Baba umenishika mno," naye anasema, "Tulia, kidogo tu." Elia, ile ndiyo njia aliyokuwa nayo. Alitafuta akaipata hiyo. Mimi nilikuwa nakaa pale na beseni langu napanga parachichi, naangalia mtu anavyomshika mwanawe, na sikuwa na ruhusa ya kukuambia ugeuke umwone uso.

Huko kazini unajua walimwita Kiwiko. Vijana wanakuja na ngumi ya salamu, "Fundi, nipe gota," yeye anatoa kiwiko. Ilipokuja korona, watu wote wakaanza kusalimiana kwa viwiko, alirudi nyumbani anacheka mpaka anakohoa, akaniambia, "Mama Elia, sasa dunia nzima imekuwa watu wa maji." Ile ndiyo mara pekee nilimsikia akilifanyia mzaha.

Kikohozi kile hakikuisha, hilo unalijua. Moshi wa miaka yote ile.

Sasa nakuja kwenye siku ya hospitali, na hapa nakuomba ukae kitandani usome ukiwa umekaa.

Ulikuwa umetoka kuchomelea karakana, nywele zimejaa vumbi la chuma. Alikuwa ameniagiza asubuhi nije na mashine na taulo. Nesi yule mnene alituona akasema, "Baba, hapa ni wodi, saluni iko stendi." Baba yako akamwambia, "Dada, mteja wangu ni mmoja tu, nikifa nani atamnyoa?" Yule nesi akatutoa kwenye lile benchi la nje, penye jua. Wewe ulikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye magoti yake. Alinyoa upande mmoja. Mashine ilikuwa inapiga kelele. Taulo likateleza likaanguka.

Unakumbuka ulivyosema? Ulisema, "Baba, taulo limeanguka."

Akasema, "Najua."

Na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa chako. Kiganja chote, Elia. Wewe ulikuwa umegeukia bustani, unadhani amechoka, unadhani ameegemea. Mimi nilikuwa mbele yake. Hakuegemea. Aliuweka, akauacha. Midomo ilikuwa inatembea, sikusikia anasema nini, na sikumuuliza. Baadaye ulisimama ukaenda zako nusu umenyolewa nusu hujanyolewa, ukarudi jioni unasema watu wamekucheka stendi nzima.

Tangu siku ile kila nikiingia wodini neno lake la kwanza halikuwa shikamoo wala habari. Lilikuwa, "Elia anaendeleaje?" Nasema, "Mzima." Anasema, "Leo umemwona kwa macho?" Nasema, "Nimemwona, amekula ugali wangu na wake." Anafumba macho. Kesho yake tena, "Elia anaendeleaje?" Wewe ulidhani anauliza kwa sababu hukwenda kumwona. Alikuwa anangoja kuona kama kile kichwa kitakufa. Hakikufa. Siku za mwisho alikuwa anauliza huku anatabasamu, kama mtu anayejua jibu lakini anapenda kulisikia. Alikwenda hivyo. Baba yako alikwenda akijua kuna kichwa kimoja alikishika na kiko hai.

Hicho ndicho kichwa unachokipandisha kwenye basi kesho.

Unaona kwa nini sijui la kukuambia? Nikisema usiende, bibi yako ni mtu kweli, na nyumba yake imechomwa kweli, na mimi sikuwahi kuchomewa hata kibanda. Mikono ile iliyomlisha baba yako muhogo sasa imezeeka, haina paa. Nitasemaje asilindwe? Ungekuwa unakwenda kumchukua umlete, ningeliacha beseni langu la sokoni twende wote, angelala kitandani kwangu. Nilikuambia hivyo, ukasema, "Bibi hataki kuacha shamba." Nikisema nenda, mdomo unakataa.

Na Sadiki simchukii. Anaogopa, na mtu anayeogopa anakusanya watu wa kuogopa naye. Lakini hakuwa kambini siku ile, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Aliyoyajua ni yale yaliyosimuliwa baada ya hapo, na baada ya hapo watu husimulia yale yanayowawezesha kulala.

Baba yako aliniambia jambo jingine pale kwenye migomba, nikupe ulibebe, halina uzito. Aliniambia, "Tulianza kwa kulinda mashamba ya mama zetu. Hatukuwa na chakula. Tukaishia kuyala." Ukifika huko angalia wanakula nini, na nani amelima. Usiulize, angalia tu. Ukikuta wanawake wanaficha sufuria mkipita, utajua mmefika wapi.

Mengine siwezi kukukataza. Moja naweza, na hili nakukataza kama mama yako niliyekuzaa nikiwa na umri chini ya wako leo, nikiwa sijui hata kukufunga nepi.

Watakupa ndoo. Baba yako mdogo hajakuitia bunduki, Elia, bunduki huijui na yeye anajua hilo. Amekuita kwa ajili ya jina la baba yako. Watapiga magoti mbele yako vijana wadogo kuliko wewe, wengine bado hawajaota ndevu, wakuinamishie vichwa kama ulivyokuwa unamwinamishia babu. Watataka uwawekee mkono uwaambie risasi itageuka maji. Usiweke. Wakikusukuma, weka mikono nyuma. Wakikuita mwoga, weka mikono nyuma. Waambie, "Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimekata chuma kwa mashine nikakiunganisha kwa moto, nakijua chuma, hakigeuki maji." Waambie hivyo hata kama watakuchukia. Waambie hivyo hata kama wanataka sana kudanganywa, kwa sababu watataka, na wewe una moyo mwepesi, utaona huruma, utadhani ukiwapa neno umewasaidia. Baba yako aliwapa neno. Alilibeba miaka yote niliyomjua, hakuweza hata kumpapasa mwanawe mwenye homa.

Na kama siku moja utakutana na mwanamke mzee huko, ambaye zamani alifukuzwa na watoto na sufuria, mwambie mumewe hakuvunja mwiko wowote. Mwambie mtoto wa maji alikula muhogo kwa sababu alikuwa na njaa, na kwamba hata hiyo haikuwa sababu. Sijui kama yuko hai. Ukimpata, hiyo itakuwa kazi ya mlango wa baba yako, na utakuwa umeifanya.

Nasikia sauti yako huko nje, unabishana na mtoto wa jirani habari za mpira. Maharage yameungua kidogo chini, utasema hayajaungua.

Taulo la kijani nimelifua, liko kwenye kamba. Silipaki. Ulilitafuta kwenye begi mchana, nilikuona, ukajifanya unatafuta chaja. Linabaki hapa na mashine yake. Nywele zikiota huko usinyolewe na mtu anayekushika ovyo, ziache ziote tu, uje nazo ndefu, watu wa stendi wakucheke tena.

Kesho ukishavaa buti, usinipe mkono, na usinikumbatie kule kwa haraka kwa siku hizi, kwa kupiga mgongo. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda chake mlangoni, huwezi kupita bila kuniruka. Umekuwa mrefu, itabidi upige magoti. Mikono yangu ina nyufa na inanuka vitunguu. Sina maji, sina dawa, sitasema neno lolote la kuzuia chuma. Nitakishika kichwa chako tu, kama kilivyo, mpaka basi lipige honi.

Lete kichwa, mwanangu.

Yeyo wako,
Naserian